Paa

Paa ni mnyama wa porini, mwenye miguu myembamba.
Paa ni juu ya nyumba. Kupaa ni kuiacha ardhi,
na kumpaa samaki ni kumvua magamba kwa kisu.
Gari la Sista Mwantumu lilizibeba maana zote nne.

Dogo, jekundu, viti viwili, kimo chake usawa wa kiuno.
Liliteremka bandarini mwaka ule wa mvua za elnino
na Barabara ya Kumi na Mbili yote ikacheka:
muuguzi mzima, mama wa watoto watatu,
gunia la mchele ataliweka wapi?

Alikuja kwangu kwa sababu kazi yangu ni mpira na viti.
Akanionyesha: unavuta komeo hivi, unasukuma hivi,
kioo cheusi kinang'oka, kinakujia mikononi
kizito kama sinia la pilau.
Viko viwili. Unavifunga blanketi, unavilaza butini.
Katikati panabaki ukanda mmoja wa chuma,
mfupa wa kolekole aliyekwisha kuliwa.

Saa moja asubuhi, akitoka zamu ya usiku,
alivitoa pale pale hospitali, wagonjwa wakimtazama,
akapita Raskazone gia ya pili, kichwa wazi,
harufu ya spiriti ikimtoka nyweleni.
"Singano," aliniambia, "usiku kucha nimeinamia watu.
Niache nitazame juu kidogo."

Lilivuja. Sitasema uongo, lilivuja.
Masika ya kwanza abiria wake alipakata beseni.
Nikachuna mpira wa mlango wa basi bovu,
nikaupaka sabuni, nikaupachika kwa kidole gumba,
ukashika mpaka vuli. Halafu ukavuja tena.

Yakaja mengine mawili ya namna ile:
la mhasibu wa mkonge kule Pongwe,
na la mwenye duka la matairi, aliyeligonga mnazi.
Kisha hayakuja tena.
Nilimuuliza wakala wa bandarini, akanijibu mhogo ukiwa mdomoni:
huko kiwandani wameacha. Mpira ghali, bodi inalegea,
na nani siku hizi anataka jua?
Watu wanataka kiyoyozi na vioo vya giza.
Ya sasa yana kioo juu, ndiyo, tena kipana,
ila hakitoki. Anga unalitazama
kama unavyomtazama mgonjwa wa kifua kikuu dirishani:
mpungie mkono, usimguse.

Jana Mhina, mpwa wake, amelileta likivutwa kwa kamba.
Sista tulimzika Muheza, huu mwaka wa nne.
Kioo kimoja kipo. Cha pili tumekitafuta
mpaka tukakikuta Chumbageni, nyuma ya jiko,
kimefunika kizimba; vifaranga kumi na moja
wanaota jua chini ya paa la Mjapani.
Tukawaachia.

"Ziba," akasema. "Bati, fiba, silikoni, chochote.
Nataka kuuza. Wakiona mshono wanakimbia."

Nimeziba. Ada ya shule haingoji majonzi ya fundi.
Kabla ya gundi nilikwangua mfereji kwa bisibisi:
mchanga, pini ya nywele,
jani la mwarobaini lililokauka likawa jepesi
kama karatasi ya kufungia vidonge.
Jani lilipeperuka. Pini iko kwenye kopo la nati,
sijui ya nini.

Nikapiga msasa, nikapaka rangi. Wekundu haukulingana,
mpya unang'aa kama kidonda kilichopona juzi.
Mhina akamwaga ndoo tatu. Hata tone.
Akacheka, akaingia, akafunga mlango,
na sauti yake ikanifikia kama ya mtu aliye mtungini:
"Fundi, mbona joto humu?"

Nikamwelekeza kitufe cha kiyoyozi.
Akabonyeza. Akabonyeza tena.
Hakifanyi kazi, nikamwambia, tangu limeshuka melini.
Sista hakuwahi kuniuliza.